SOMO JUU YA KUNUNUA MSUMENO WA MOTA ULIOKWISHA TUMIKA

Kwa wakulima na wakata kuni wa Itebero na wa vijiji vya njia ya Walikale

Ndugu mkulima, somo hili ni juu ya msumeno wa mota, ndiyo mashine yenye mnyororo wa meno, ikatayo kwa dakika chache gogo ambalo shoka hulikata kwa nusu ya siku. Watu wengi hutaka mashine hii kwa kazi ya kuni: kuni za kuchoma matofali, kuni za kukaushia samaki, kuni za kuchemshia mawese, na kuni za kuuza. Mashine mpya ni ya bei kubwa. Kwa hiyo watu hutafuta iliyokwisha tumika. Hutoka Bukavu kwa njia ya Bunyakiri na Hombo, au hutoka Goma, au huuzwa na mpasua mbao aliyechoka na kazi yake.

Kununua kitu kilichotumika si kosa wala si aibu. Lakini yakupasa kujua unachonunua. Mtu anunuaye mbuzi hafumbi macho. Humfungua kinywa atazame meno, humshika mgongo, humtembeza aone kama achechemea. Basi kwa nini mtu huyo huyo atoe fedha nyingi kwa mashine, naye hakutazama ila rangi yake? Rangi hupakwa kwa saa moja. Ubovu hukaa ndani.

Neno kubwa la somo hili ni moja, ulishike: usilipe kabla ya kuona ndani ya mashine, wala kabla ya kuona breki yake ikifanya kazi. La kwanza ni kwa ajili ya fedha zako. La pili ni kwa ajili ya mguu wako.

I. KWANZA JIULIZE KAMA UNAIHITAJI

Kuni za nyumba moja hazihitaji mota. Shoka kali, panga na msumeno wa mikono wa watu wawili vyatosha, wala havinywi petroli. Msumeno wa mota ni wa mtu mwenye kazi kubwa: achomaye matofali, auzaye kuni nyingi, au mwenye magogo mazito yaliyolala shambani tangu siku ya kufyeka.

Tena kumbuka ya kuwa bei ya mashine si gharama yake yote. Kila siku ya kazi yataka petroli, mafuta ya kuchanganya, mafuta ya mnyororo, na tupa ya kunolea. Baada ya muda yataka mnyororo mpya, buji mpya na kamba mpya. Vitu hivi vyatoka mbali. Mvua ikiharibu njia, vipuri havifiki, na mashine hulala.

Fanya hesabu kwanza, uiandike katika daftari. Hesabu hii ni mfano wa kukufundisha namna tu. Wewe uweke bei za kwenu mahali pa hizi.

Bei ya mashine: dola 200
Matengenezo na mnyororo mpya: dola 50
Jumla: dola 250

Mauzo ya kuni za siku moja: dola 20
Petroli na mafuta: dola 8
Ujira na chakula cha msaidizi: dola 5
Kuchakaa kwa mnyororo na tupa: dola 2
Yabaki: dola 5

Gawanya 250 kwa 5, utapata 50. Maana yake ni kwamba utafanya kazi siku 50 kabla ya kupata faida yo yote. Mashine ikifa siku ya 20, umerudisha dola 100 tu, na dola 150 zimepotea. Nazo zilikuwa fedha za nini? Labda ada ya shule ya watoto, labda mabati ya nyumba. Basi swali la kwanza si "Mashine hii ni dola ngapi?" Swali ni "Mashine hii itaishi siku ngapi?"

Hesabu ikikataa, liko shauri jingine. Mwite mwenye mashine aje akukatie magogo yako, nawe umlipe kwa siku au kwa fungu la kuni. Au ungana na jirani watatu wanne, mnunue moja, mkaandike nani ataitunza, nani ataitumia siku gani, na nani atalipa ikivunjika. Chombo cha wengi kisicho na mtunzaji hufa upesi.

II. UMRI WA MASHINE NA UKUBWA WAKE

Mashine hizi si za jana. Katika Ujerumani, Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wenye kuendeshwa kwa umeme mwaka 1926, na wa petroli mwaka 1929. Ilikuwa mizito sana, ikishikwa na watu wawili. Mwaka 1950 kiwanda chake kilitoa ule wa kushikwa na mtu mmoja. Huko Uswidi, kiwanda cha Husqvarna kilianza kutengeneza misumeno ya mota mwaka 1959. Breki ya kusimamisha mnyororo ilienea baadaye, katika miaka ya 1970. Kwa hiyo mashine ya mtindo wa zamani yaweza kuwa na nguvu nyingi, lakini haina breki. Mtu akikusifia ya kuwa "Hii ni ya zamani, chuma chake ni kizuri," mwulize, "Breki yake iko wapi?"

Tazama pia ukubwa. Mashine ya kupasua mbao si mashine ya kuni. Stihl 070, ijulikanayo na wapasua mbao wengi wa Afrika, ina silinda ya sentimita za ujazo 106, na uzito wake ni kilo 10 hivi, bila upanga, bila mnyororo, bila petroli. Mtu akiishika tangu asubuhi kwa kukata vipande vya kuni, mikono yake hulegea, na mkono uliolegea huleta ajali. Kwa kuni yatosha silinda ya sentimita za ujazo 40 mpaka 60, na upanga wa sentimita 40 au 45. (Upanga ni kile chuma kirefu kinachozungukwa na mnyororo.)

Jihadhari pia na mashine za kuiga. Jina kubwa hubandikwa upesi juu ya plastiki. Tafuta nambari iliyopigwa katika mwili wa mashine. Ikiwa imekwanguliwa, labda mashine ni ya wizi. Iache.

III. JINSI MOTA INAVYOKUFA

Ukitaka kujua ubovu, jua kwanza namna mota hii inavyofanya kazi. Mota ya gari ina mafuta ya kulainisha ndani ya tumbo lake. Mota ya msumeno haina. Mafuta yake huchanganywa na petroli ndani ya tangi moja. Ndani ya silinda imo pistoni, nayo hupanda na kushuka mara elfu nyingi kwa dakika moja. Mtu akitia petroli tupu bila mafuta, pistoni yasuguana na silinda, chuma kwa chuma. Zote mbili hupata moto, hukwaruzika, hata hushikana.

Ubovu huu hauonekani kwa nje. Mashine iliyokwaruzika yaweza kuwaka na kunguruma mbele yako sokoni, kisha ikafa katika juma la kwanza. Kununua silinda na pistoni mpya huweza kukaribia bei ya mashine kuukuu nzima. Ndiyo sababu nasema tazama ndani.

IV. KUIPIMA KABLA YA KUWASHA

Nenda mchana, mahali penye nuru. Chukua spana ya buji, bisibisi, kitambaa safi na karatasi nyeupe. Ukiweza, mchukue na fundi, umlipe ujira wake. Ujira wa fundi wa saa moja ni mdogo kuliko hasara ya mwaka. Kisha fuata hatua hizi kwa taratibu.

1. Gusa silinda kwa mkono. Yapasa kuwa baridi. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameiwasha kabla hujafika, kwa maana pengine haikubali kuwaka ikiwa baridi. Ngoja ipoe. Usiogope kungoja, haraka haraka haina baraka.

2. Zima swichi, kisha vuta kamba polepole. Yapasa kusikia kizuizi, kama mtu akuvutaye kutoka upande wa pili, kisha kikuachilie, kisha kije tena. Kamba ikija laini bila kizuizi, nguvu ya silinda imekwisha.

3. Ishike mashine kwa kishikio cha kamba, mwili wake uning'inie, swichi ikiwa imezimwa na upanga umevikwa ala yake. Ikishuka kidogo kidogo na kusimama, ni dalili njema. Ikianguka kama jiwe kwenye kisima, ni dalili mbaya. Mashine nyingine zina kidude cha kupunguza nguvu wakati wa kuwasha. Angalia kisiwe kimebonyezwa.

4. Fungua buji, utazame ncha yake. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye utelezi yaonyesha mafuta mengi mno au chujio la hewa lililoziba. Nyeupe kama majivu ni mbaya: mota ilipata moto mno, haikupata mchanganyiko wa kutosha.

5. Fungua bomba la moshi. Mara nyingi lafungwa kwa skrubu mbili au tatu tu. Vuta kamba polepole hata uione pistoni kwa lile tundu. Ubavu wake uwe laini na wenye kung'aa. Ukiona michirizi mirefu yenye kina, kama shamba lililopitishwa reki, funga bomba, mshukuru mwenyewe, uende zako. Muuzaji akikukataza kufungua bomba hilo, amekwisha kukujibu. Mwenye mbuzi mzima hakatazi mtu kumtazama meno.

6. Mwombe fundi afungue kando ashike gurudumu la ndani, alitikise juu na chini. Lizunguke, lakini lisicheze. Likicheza, beringi zimekwisha, nayo ni kazi ya gharama.

7. Fungua chujio la hewa. Vumbi kwa nje ni kawaida. Lakini ukikuta unga wa mti umepita upande wa ndani, mwenyewe alifanya kazi na chujio lililopasuka, na unga ule umekwisha kuila silinda kama msasa.

8. Tazama tangi na mipira ya petroli. Mpira uliokauka na kupasuka si neno kubwa, bei yake ni ndogo, lakini upunguze bei. Tangi lililopasuka na kuzibwa kwa gundi likatae, kwa maana petroli ikivuja karibu na bomba la moto, wewe ndiwe utakayewaka.

9. Tazama upanga. Uinue usawa wa jicho, kama mtu apimaye ubao. Uwe umenyoka, na kingo zake mbili zilingane. Tazama mnyororo: meno yawe sawasawa kwa urefu. Jino lililobaki chini ya milimeta 4 limekwisha. Tazama gurudumu dogo lenye meno livutalo mnyororo. Likiwa limechimbika zaidi ya nusu ya milimeta, lahitaji kubadilishwa. Vitu hivi vitatu huchakaa katika kila mashine, navyo hubadilishwa. Viandike katika hesabu yako, wala usiviogope kama pistoni.

V. KUIPIMA IKIWAKA

Sasa mwache mwenyewe aiwashe. Hesabu mara anazovuta kamba. Mashine baridi yaweza kutaka kuvutwa mara kadha, haidhuru. Ikivutwa mpaka mtu atoka jasho, haifai.

Ikiwaka, isikilize ikiwa imetulia. Mnyororo usizunguke. Ukizunguka bila mtu kubonyeza kibonyezo cha mwendo, yawezekana mwendo wa mota ni wa juu mno au klachi imechakaa. Kisha abonyeze na kuachilia. Sauti ipande upesi na kushuka upesi. Ikibaki juu kwa muda baada ya kuachiliwa, hewa yaingia mahali isipopasa, na mota ya namna hii huungua.

Pima mafuta ya mnyororo. Mwenyewe aelekeze ncha ya upanga kwenye karatasi nyeupe iliyowekwa juu ya gogo, asiguse, aongeze mwendo. Baada ya kitambo mstari wa mafuta uonekane juu ya karatasi. Usipoonekana, mafuta hayafiki, na upanga utaungua.

Kisha akate gogo gumu, si mti mwororo. Muuzaji mwerevu hukuletea mti wa Musanga, ule wenye majani kama mwavuli uotao katika mashamba yaliyoachwa. Mti huo ni mwepesi, hata panga hulikata tawi lake. Wewe leta gogo la mti mgumu, mnene kuliko paja la mtu, akate vipande vitano sita. Kisha azime mashine, mngoje kidogo, aiwashe tena ikiwa ya moto. Mashine nyingi zilizochoka hukubali zikiwa baridi na kukataa zikiwa moto. Ikikataa, siku ya kazi utakuwa wavuta kamba, hukati kuni.

VI. BREKI NA MGUU WAKO

Mnyororo hukimbia mita 20 hivi kwa sekunde moja. Hakuna mtu awezaye kuvuta mguu wake kwa upesi huo. Tena ncha ya upanga, sehemu yake ya juu, ikigusa mti, upanga huruka nyuma kuelekea uso na shingo ya aliyeushika. Breki imewekwa kwa ajili ya jambo hili. Ni kile kinga kilicho mbele ya kishikio cha juu. Kikisukumwa mbele, mnyororo wasimama papo hapo.

Mwambie mwenyewe aweke mashine chini, aishike imara, aongeze mwendo, kisha asukume kinga. Mnyororo usimame mara moja, si baada ya kuhesabu moja, mbili. Ukiendelea kuzunguka, breki imekufa. Watu wengine huing'oa kwa kusema yawachelewesha. Mashine isiyo na breki usiinunue hata ikiwa nusu ya bei. Kutoka Itebero mpaka kwa daktari wa kupasua ni njia ndefu, na damu ya paja haingoji gari.

Tazama pia vitu hivi: kibonyezo cha pili cha usalama kilicho juu ya kishikio cha nyuma, bila kukishika mwendo usiongezeke, kidude cha chini cha kunasa mnyororo ukikatika, swichi ya kuzima, izime kweli kweli, na mipira ya kupunguza mtikisiko. Mtikisiko mwingi wa kila siku huharibu vidole, hupoteza hisia na kuwa vyeupe.

VII. BEI, KARATASI NA MASHAHIDI

Baada ya kuona yote, ndipo zungumza bei. Toa katika bei kila kitu utakachonunua: mnyororo, upanga, mpira, chujio. Kabla ya kukubali, uliza katika maduka ya Bukavu au Goma kama vipuri vya mashine ya namna ile vinapatikana. Mashine nzuri isiyo na vipuri ni jiwe la bei kubwa.

Tazama mfano wa watu wawili. Wa kwanza alinunua kwa dola 150, akafurahi, akacheka wenzake. Hakufungua bomba. Mashine ikafa baada ya siku 12. Wa pili alinunua kwa dola 220, akafungua, akapima, akabadilisha mnyororo. Mashine yake ikakata siku 300. Gawanya bei kwa siku: wa kwanza alilipa zaidi ya dola 12 kwa kila siku, wa pili hata dola moja hakufika. Ni nani aliyenunua rahisi?

Malipo yafanyike kwa karatasi. Andika tarehe, jina la muuzaji na mahali akaapo, aina ya mashine, nambari yake, na bei. Weka sahihi mbili na mashahidi wawili, mmoja awe mkubwa wa mtaa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tena siku moja askari au mlinzi aweza kukuuliza mashine umeitoa wapi, na karatasi itajibu mahali pako.

VIII. MAHALI PA KUKATA

Mashine ikate mahali pa haki. Sheria ya misitu ya Kongo, Na. 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inawaachia wenyeji haki yao ya desturi ya kupata kuni za nyumba. Lakini kukata kwa kuuza ni neno jingine, kwataka kibali. Uliza kwa wakubwa wa sekta, na kwa afisa wa mazingira wa teritwari huko Walikale, kabla ya kununua na siyo baada ya kukamatwa. Ikiwa msitu ni wa ukoo au wa jamii, pata neno la wenyewe.

Kumbuka pia ya kuwa Itebero iko karibu na sehemu ya chini ya Mbuga ya Kahuzi-Biega. Mbuga hiyo iliwekwa mwaka 1970, ikaongezwa mwaka 1975 hata ikafika hektari 600,000, na mwaka 1980 ikaandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Kukata mti ndani yake ni marufuku. Ukiingia na msumeno wa mota, utapoteza mashine, fedha na uhuru wako.

Tena sikia. Shoka hukata kwa polepole, na msitu hupata muda wa kuota. Mota haina polepole. Mtu mmoja na mashine moja aweza kumaliza kwa mwezi miti ambayo babu yake alikata kwa miaka mingi. Basi anza na magogo yaliyokwisha kuanguka: yale yaliyobaki mashambani baada ya kufyeka na kuchoma. Ni mengi, ni makavu, na yakiachwa huoza bure. Uyasafishe kwanza kwa panga, kwa maana udongo na mchanga ulioshikamana na ganda huumaliza mnyororo kwa dakika moja. Na penye shamba lako panda miti ya kuni, ili watoto wako wasiende mbali kuitafuta.

IX. KUITUNZA TANGU SIKU YA KWANZA

Mashine kuukuu haivumilii uzembe. Shika haya.

Petroli ichujwe kwa kitambaa safi. Ile ya chupa za njiani pengine ina maji. Imimine katika chupa nyeupe, uiache itulie: maji hukaa chini, petroli juu. Mimina ya juu tu.

Mafuta ya kuchanganya yawe ya mota za namna hii, si mafuta ya gari. Fuata kipimo cha kitabu cha mashine. Kipimo cha sehemu 25 za petroli kwa sehemu 1 ya mafuta maana yake lita 5 za petroli kwa mililita 200 za mafuta. Kipimo cha 50 kwa 1 maana yake lita 5 kwa mililita 100. Changanya katika galoni, itikise, ndipo utie katika tangi. Andika juu ya galoni neno MCHANGANYIKO, ili mtoto asikuletee petroli tupu.

Kila mara unapojaza petroli, jaza na mafuta ya mnyororo. Noa meno kwa tupa ya mviringo yenye kulingana na mnyororo, kila jino kwa idadi moja ya mapigo. Mnyororo mkali hutoa vipande. Mnyororo butu hutoa unga. Ukiona unga, simama, unoe. Usiukandamize upanga kwa nguvu, kwa maana waiua mota.

Jioni safisha chujio na mapezi ya silinda, ambamo unga huziba hewa. Vaa viatu vilivyofungwa, suruali nzito, kinga ya macho na ya masikio. Nguo zisining'inie. Usikate ukiwa peke yako, wala ukiwa umekunywa pombe, wala usiku. Unapoangusha mti, watu wote wakae mbali mara mbili ya urefu wake.

X. MASWALI

Yasome na wenzako jioni, kila mtu ajibu bila kutazama kitabu.

1. Kwa nini tunagusa silinda kabla ya kuwasha?
2. Mota ya msumeno hupata mafuta yake ya kulainisha kwa njia gani? Ikikosa, nini huharibika?
3. Muuzaji akikataza kufungua bomba la moshi, utafanya nini?
4. Taja vitu vitatu vilivyochakaa ambavyo si sababu ya kuikataa mashine.
5. Breki hupimwaje? Ikiwa imekufa, nawe umepunguziwa nusu ya bei, utajibu nini?
6. Lita 10 za petroli kwa kipimo cha 25 kwa 1 zataka mafuta kiasi gani?
7. Bei ya mashine ni dola 180, matengenezo dola 60, na kila siku yabaki dola 4. Utafanya kazi siku ngapi kabla ya kupata faida?
8. Ni magogo gani yapasa kukatwa kwanza, na kwa nini yasafishwe?

Aliyejibu yote nane aweza kwenda kutafuta mashine. Aliyeshindwa la tatu au la tano asome tena, na fedha zake zikae sandukuni kwanza.